Kadhi Aliyefasiri Zaburi

Ukipita Kitale au Bungoma utawakuta Wakristo wamekaa na Injili ya Kiswahili, wakiisoma aya kwa aya na kuulizana maana. Ni wachache wajuao kwamba Kiswahili hicho, kabla ya kufika bara, kilipitia kwa kadhi wa Kiislamu.

Huyo ni marehemu Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawy. Alizaliwa Barawa mwaka 1838, akapewa ukadhi wa Kilwa angali kijana, kisha akawa kadhi Unguja. Alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria, na Sayyid Barghash alimtuma safari za dola.

Mwaka 1864 alifika Unguja padri Mwingereza, Edward Steere, akaanza kujifunza lugha. Sheikh, kwa hiari yake, alimfasiria baadhi ya Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Steere mwenyewe aliukiri wema huo katika kitabu chake cha lugha cha 1870. Msomaji asistaajabu. Zaburi ni kitabu cha Nabii Daudi, nasi twaviamini vitabu vilivyoteremshwa. Wala Sheikh hakulegeza dini yake, kwani wamishonari hao hao alijadiliana nao.

Kwa lugha aliyojifunza hivyo, Steere alifasiri Injili ya Mathayo na nyinginezo. Tafsiri ya 1952, iliyoenea hadi bara, ilifuata Kiunguja. Kimvita chetu kikaachwa nyuma.

Sheikh alifariki Unguja mwaka 1896. Mwanawe, Sheikh Burhan, naye alikuwa kadhi.