Mfalme Shyaam na Mkia wa Mbwa

Kwetu Pangi, mtu akisikia neno kiraka huwaza nguo iliyochanika. Lakini magharibi ya Maniema, mbali ng'ambo ya Lualaba, katika nchi ya Wakuba huko Kasai, kiraka ni pambo. Sifa ya ufundi wa nguo za huko hupewa mfalme mmoja: Shyaam a-Mbul a-Ngoong, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 17.

Masimulizi yanamweleza Shyaam kama mtu aliyetoka nje. Yanasema alilelewa na malkia, na kabla ya kutawala alisafiri magharibi hadi kwa Wapende na katika ufalme wa Kongo, akitazama jinsi watu wanavyoishi. Aliporudi alitwaa kiti, akaanzisha ukoo mpya wa kifalme. Anasifiwa kwa kuleta mahindi, mihogo, tumbaku, mchezo wa bao, na ufundi wa nguo za rafia, yaani nyuzi za majani ya mwale.

Ufundi huo una mgawanyo wake. Wanaume hufuma kitambaa. Wanawake huponda kilainike, kisha hushona mapambo. Wachunguzi wengi hueleza kwamba kuponda huko hutoboa matundu, na kiraka kilianza kwa kuyaziba. Baadaye viraka viliwekwa hata pasipo tundu, vikaenea juu ya sketi ndefu za mita kadhaa, ambazo huvaliwa kwenye ngoma na kwenye mazishi.

Pambo mojawapo ni ukanda mwembamba uliopinda, uitwao shina mboa, maana yake mkia wa mbwa. Msomaji wa Kiswahili atamtambua mbwa mara moja, lakini shina litampotosha: kwetu ni la mti, kule ni mkia. Kushona ukanda kama huo si kazi ndogo. Kingo zote mbili hukunjwa chini kwa vidole, na kadiri ukanda unavyokuwa mwembamba, ndivyo pindo linavyokosa nafasi. Likiwa dogo mno, nyuzi hufumuka. Likiwa kubwa, ukanda huvimba. Penye kona, upande wa ndani hujikunja na wa nje huvutika, hivyo mshonaji hupunguza mwendo na kusogeza mishono karibu karibu.

Je, mtu mmoja aliweza kuleta yote hayo? Mwanahistoria Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi ya Wakuba kuanzia miaka ya 1950, alionya kwamba jamii hupenda kumbebesha shujaa mmoja kazi ya vizazi vingi. Onyo hilo halimfuti Shyaam. Linatufundisha kusoma jina lake kama jina la zama nzima.

Sanamu yake ya mbao, yenye ubao wa bao mbele yake, ilichukuliwa na Emil Torday mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Tunamtambua kwa ubao huo. Sketi za Wakuba nazo zimo katika makumbusho mengi, lakini karibu zote hazina jina la aliyezishona. Sisi tunaokwenda vijijini kukusanya masimulizi tusiishie kwenye jina la mfalme. Tuulize pia nani alishika sindano, na jina lake tuliandike angali hai.