Salum Abdallah

Salum Abdallah Yazidu (Morogoro, 1928 – 1965) alikuwa mwimbaji na kiongozi wa bendi ya muziki wa dansi nchini Tanzania. Alijulikana pia kwa kifupi SAY.

Tangu ujana alipenda mno santuri za Kuba. Kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933, kila moja ikiwa na namba yenye herufi GV, nazo zilipigwa kwa gramafoni katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Inasimuliwa kwamba Salum alitoroka nyumbani ili aende Kuba kupiga muziki, lakini safari yake iliishia Mombasa.

Mwaka 1948 alianzisha Morogoro bendi ya La Paloma, iliyopewa jina la wimbo wa Kihispania. Baadaye ikawa Cuban Marimba. Midundo ilikuwa ya rumba na cha-cha, ila maneno yalikuwa ya Kiswahili, hasa kuhusu mapenzi. Nyimbo zake nazo zikawa santuri, nyingine zikitolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa.

Alifariki katika ajali ya gari. Juma Kilaza alishika uongozi wa bendi. Rekodi zake za 1955–1965 zilitolewa upya katika albamu ya Ngoma Iko Huku.