Ramana Maharshi, kijana aliyeuliza ni nani anayekufa

Hofu ya kifo haihitaji kuelezwa katika makutaniko yetu. Wengi wetu tumelala nayo na kuamka nayo. Leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja wa India, Mhindu, ambaye hofu hiyo ilimkuta akiwa bado mwanafunzi, naye akaamua kuitazama badala ya kuikimbia.

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1879 huko Tiruchuzhi, kusini mwa India, katika jamaa ya Wabrahmani, yaani ukoo wa makuhani wa Kihindu. Aliitwa Venkataraman. Baba yake alikuwa mtetezi wa watu mahakamani, akafa mwaka 1892. Mtoto akapelekwa pamoja na kaka yake kwa baba mdogo wao katika mji wa Madurai. Huko alisoma katika shule ya misioni ya Waprotestanti wa Marekani, shule ya namna tunayoijua vizuri sisi wenyewe. Hakuwa mwanafunzi wa bidii kubwa. Alipenda mpira na mieleka.

Katikati ya mwezi wa 7 mwaka 1896, akiwa na miaka 16, alikuwa peke yake katika chumba cha juu nyumbani kwa baba mdogo. Hakuwa mgonjwa. Ghafula akashikwa na hofu kwamba anakufa. Hakumwita mtu wala hakutafuta daktari. Alijilaza chini, akanyosha miguu na mikono kama maiti, akafunga kinywa na kuzuia pumzi. Kisha akajiuliza: mwili huu utabebwa na kuchomwa moto, je, ukifa, mimi nimekufa pamoja nao? Akaona kwamba kule kujijua kuwa yupo kunabaki, ingawa mwili umelala kama mti. Baadaye alisimulia kwamba tangu saa ile hofu ya kifo ilimwacha kabisa.

Wakati ule hakuwa amesoma vitabu vya mafundisho yanayoitwa Advaita, maana yake “isiyo mbili”. Mafundisho hayo yanatoka katika maandiko ya kale ya Wahindu, Upanishadi, na mwalimu wake mkuu, Shankara, aliishi yapata karne ya 8. Yanasema kwamba mtu hujidhani kuwa ni mwili wake, jina lake, mawazo yake na mali yake. Lakini nafsi yake ya kweli ni ile inayoyashuhudia yote hayo, nayo ni moja na Brahman, asili ya vitu vyote. Walimu wao hutoa mfano wa mtungi: nafasi iliyo ndani yake inaonekana kama imetengwa na nafasi ya nje, lakini mtungi ukivunjika, hakuna kilichogawanyika. Ramana alipovisoma vitabu hivyo baadaye, alitambua ndani yake jambo ambalo lilikuwa limekwisha kumpata.

Tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka huo aliondoka nyumbani kwa siri. Kaka yake alikuwa amemwambia achukue rupia 5 za kumlipia ada yake ya masomo. Alichukua 3, akaacha 2 pamoja na barua fupi ya kuomba asitafutwe. Tarehe 1 mwezi wa 9 akafika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka tena hapo mpaka kufa. Alikaa kimya katika hekalu, akazama ndani hata wadudu wakamla miguu.

Mama yake, Alagammal, alimpata mwaka 1898. Alilia na kumsihi arudi. Mwana hakufungua kinywa. Aliandika tu kwamba mambo huenda kama yalivyopangwa. Mama akarudi peke yake. Sehemu hii tunaisoma kwa uchungu, maana mama aliyeachwa hafarijiki kwa falsafa. Lakini mwaka 1916 alikuja kuishi naye mlimani, naye akampokea. Siku alipokufa, tarehe 19 mwezi wa 5 mwaka 1922, mwana alikaa kando yake kwa saa nyingi, mkono mmoja kifuani pa mama na mwingine kichwani pake. Karibu na kaburi la mama ndipo yalipojengwa makao ya wanafunzi wake.

Watu walikuja kutoka mbali. Aliwapa swali moja la kufuatilia: mimi ni nani? Hakutaka walijibu kwa maneno. Kila wazo linapotokea, mtu atafute ni nani anayeliwaza, mpaka afike kwenye chanzo.

Mwaka 1924 wezi waliingia usiku wakampiga pajani. Wanafunzi walitaka kulipiza, akawakataza. Aliwauliza kama mtu hung’oa meno yake kwa sababu yameuma ulimi.

Mwishoni mwa maisha yake kansa ilitokea katika mkono wake wa kushoto. Alipasuliwa mara 4, akakataa mkono usikatwe. Hata alipodhoofika sana, alitaka wageni waruhusiwe kumwona. Waliomlilia kwamba anawaacha aliwauliza angeweza kwenda wapi. Alikufa jioni ya tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka 1950, akiwa na miaka 70.

Sisi hatusemi kwamba nafsi ya mtu na Mungu ni kitu kimoja. Tunaamini kwamba Muumba ni mwingine, nasi ni viumbe vyake, tunaojulikana kwa majina na kungojea ufufuo. Tofauti hiyo ni kubwa, wala hatutaki kuificha. Lakini swali la kijana wa Madurai linatufikia pia. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba, kazi na cheo, akabaki na nguo alizovaa, je, amebaki nani? Tulijadili katika vikundi vyetu vya maombi, kabla hofu haijatuuliza yenyewe.