Daktari John Kirk na Sumu Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Usiku mmoja, baada ya darsa yetu hapa Manyatta, Kisumu, mzee mmoja alifungua kitambaa akatuonyesha mizizi aliyoinunua kwa ajili ya moyo wake. Alitaka kujua kama yafaa kuichemsha na kuinywa pamoja na vidonge alivyopewa hospitali. Jina la mti hakulijua, wala kipimo hakuambiwa. Aliambiwa tu kwamba ni dawa ya miti, na dawa ya miti haidhuru. Kwa ajili yake, na wengi walio mfano wake Mombasa, Lamu na Unguja, tumeona ni vyema kueleza maisha ya mtu ambaye watu wa pwani wamjua kwa mambo ya siasa, lakini ni wachache waijuao khabari yake na moyo.

John Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, mtoto wa kasisi. Alisoma utabibu Edinburgh akahitimu mwaka 1854, kisha akatumika katika hospitali ya majeruhi huko Dardanelles, nchi ya Waturuki, wakati wa vita vya Crimea. Pamoja na utabibu alipenda mno elimu ya mimea. Kwa sifa hizi mbili, mwaka 1858 alichukuliwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi.

Katika bonde la mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi, wawindaji walikuwa wakiipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Asidhani msomaji kuwa ni lile kombe liandikwalo kwa zafarani. Hili ni mmea utambaao msituni, na sumu yake hutoka katika mbegu zilizopondwa. Mnyama akipigwa mshale huo haendi mbali. Wawindaji walijua ni sehemu gani ya mmea itwaliwe, na walijua kuikata na kuitupa nyama iliyozunguka jeraha kabla ya kula. Hiyo ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa kitabuni.

Kirk aliichukua sumu hiyo, na kidogo yake ikaugusa mswaki wake uliokuwa mfukoni pamoja nayo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu kinywani, na mapigo ya moyo wake yakapungua kasi. Mtu mwingine angalisukutua, akashukuru kuokoka, akasahau. Yeye alitambua kuwa kitu kile chauendea moyo wenyewe. Sumu ilipelekwa Uingereza, na huko Edinburgh mtaalamu Thomas Fraser akaishughulikia kwa miaka mingi, akaipima, akatoa ndani yake kiini kiitwacho strofantini. Mwaka 1885 aliitangaza mbele ya matabibu kuwa ni dawa ya moyo. Mwaka 1906 tabibu wa Kijerumani, Albert Fraenkel, akaeleza namna ya kuidunga mshipani.

Kazi ya dawa hiyo ni kuyapunguza kasi mapigo ya moyo uliodhoofika na kuyatia nguvu. Huzuia chembe za msuli wa moyo zisitoe sodiamu kama kawaida yake. Kwa hivyo kalsiamu huzidi ndani yake, na msuli hukaza zaidi. Lakini kikizidi kipimo, moyo hupiga ovyo, kisha husimama. Baina ya kiasi kiponyacho na kiasi kiuacho pana nafasi ndogo sana.

Kirk alikuja Unguja mwaka 1866 akiwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza, na baadaye akawa balozi. Mwaka 1873 ndiye aliyemshurutisha Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na nyuma ya maneno yake palikuwa na tishio la manowari. Biashara ile ilistahili kukoma. Walakini tusisahau kuwa mtu huyu alikuwa mtumishi wa serikali yake. Huko Mbweni alipanda bustani, akaendelea kukusanya mimea. Alifariki Uingereza mwaka 1922, mwenye umri wa miaka 89.

Basi tuzingatie. Sumu ile Kirk hakuibuni. Waliijua wawindaji ambao majina yao hayakuandikwa. Alilozidisha yeye ni kuuliza, kuandika, na kupeleka kitu kipimwe. Wala jambo hilo si geni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala nzima juu ya dawa za moyo, na katika Qanun yake akaweka sharti za kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Sisi leo tumeacha yote mawili: wazee wetu waijuao miti wafa na elimu yao vifuani, nasi twanywa tusichokijua jina wala kipimo, kisha tukidhurika twasema ni ajali.

Mzee wetu tulimwambia asivikate vidonge vyake, wala asionje mizizi ile mpaka aipeleke kwa daktari na kumweleza wazi. Wako waonao haya kumtajia daktari dawa za miti. Haya hiyo yaweza kumwua mtu. Mzee alikifunga kitambaa chake, na asubuhi yake akaenda nacho hospitali.

Wabillahi tawfiq.