M'siri wa Bunkeya: mfalme aliyekataa bendera ya Léopold II

Kila tarehe 20 Desemba, Bayeke hukusanyika Bunkeya, kaskazini mwa Lubumbashi, kumkumbuka mfalme wao M'siri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Utawala umeanguka, mipaka imebadilika, na Bunkeya leo iko katika jimbo la Lualaba, lakini mwami wa Bayeke angali anatoka katika ukoo wa M'siri. Kuna jambo moja tu ambalo zaidi ya miaka 130 haijalimaliza: kichwa cha mfalme huyo kiliishia wapi.

Mtoto wa mfanyabiashara

M'siri hakuzaliwa Katanga. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, na alizaliwa karibu mwaka 1830 kati ya Basumbwa, upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri hadi Katanga kununua shaba. Huko alifanya undugu wa damu na wakubwa wa nchi, akiwemo chifu Katanga ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la nchi nzima.

Undugu huo wa baba ndio uliomfungulia mtoto mlango. Katika miaka ya 1850, Ngelengwa alikuja na kundi dogo la watu wenye bunduki, katika nchi ambamo wengi walipigana kwa mishale na mikuki. Watu wake waliitwa Bayeke, jina la wawindaji wa tembo kule kwao. Alianza kwa kuwasaidia machifu wenyeji dhidi ya maadui wao. Baadaye wale aliowasaidia wakajikuta chini yake.

Nchi aliyoitawala iliitwa Garenganze, na mji mkuu wake ulikuwa Bunkeya. Biashara ya shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ikipita kwa Mwata Kazembe wa Balunda, ilihamia mikononi mwake. Misafara ya mashariki ilikwenda Tabora na Zanzibar. Ile ya magharibi ilikwenda Bihé na Benguela, pwani ya Angola, na kurudi na bunduki, baruti na vitambaa.

Kutawala kwa ndoa

M'siri aliyaweka mamlaka yake katika nyumba yake. Alioa mamia ya wanawake, na wengi wao walitoka katika koo za machifu aliowashinda au za wafanyabiashara aliowahitaji. Kila ndoa ilikuwa mkataba. Mke aliyetoka katika kijiji fulani alikuwa sikio la mfalme katika kijiji hicho, na pia dhamana kwamba watu wake hawataasi.

Aliyejulikana zaidi ni Maria da Fonseca, mwanamke mwenye damu ya Kireno na ya Kiafrika kutoka Angola, wa jamaa ya mfanyabiashara Coimbra. Kupitia kwake, M'siri alikuwa na shemeji kwenye njia ya baruti.

Watoto wake wa kiume nao walipewa kazi. Mukanda-Bantu, ambaye baadaye angerithi kiti, aliongoza vita vya baba yake.

Lakini kwa Basanga na wengine waliotozwa kodi na kuchukuliwa watumwa, Bunkeya haikuwa mahali pa fahari. Wageni waliofika huko waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya uzio wa mfalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Basanga walikuwa wamekwisha kuasi, baruti ilikuwa haba, na njaa ilikuwa imeingia mjini. Wazungu walimkuta M'siri mzee, tena amezungukwa na maadui.

Wageni wanne, ombi moja

Wa kwanza kukaa naye alikuwa mmisionari Frederick Stanley Arnot kutoka Scotland, aliyefika mwaka 1886. M'siri alimpokea vizuri. Waliofuata walileta mikataba. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1891 Paul Le Marinel alifika kwa jina la Dola Huru la Kongo, mali ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji. Naye hakupata alichotaka.

Tarehe 14 Desemba 1891 akafika kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, akiwa na watu zaidi ya 300, wengi wao kutoka Zanzibar na pwani. Alitaka M'siri akubali bendera ya Léopold. M'siri alikataa, kisha akaondoka usiku kwenda kijiji cha Munema, karibu na Bunkeya.

Asubuhi ya tarehe 20, Stairs alimtuma Mbelgiji Omer Bodson na Mfaransa de Bonchamps, pamoja na askari wapatao 100, wamlete. Bodson aliingia uani. Maneno yakawa makali, na Bodson akampiga M'siri risasi akafa. Watu wa mfalme nao wakampiga Bodson, naye akafa kwa jeraha lake. Kichwa cha M'siri kikakatwa na kutundikwa juu ya mti ili watu waone kwamba utawala wake umekwisha.

Familia baada ya risasi

Mukanda-Bantu alikubali bendera ambayo baba yake aliikataa. Stairs akamwachia kiti, lakini juu ya nchi ndogo tu. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria mwezi Juni 1892, akiwa njiani kurudi kwao. Mukanda-Bantu alitawala hadi 1910, akafuatwa na nduguye Kitanika.

Mwaka huohuo wa 1910, reli ilifika na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa. Mwaka uliofuata tanuri za Union Minière zilianza kuyeyusha shaba ambayo Kalasa aliifuata kwa miguu kutoka Tabora.

Ukoo haukutoweka katika siasa. Antoine Munongo, mwami kuanzia mwaka 1956, aliandika historia ya Bayeke. Ndugu yake Godefroid alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe wakati Patrice Lumumba alipouawa mwezi Januari 1961. Baadaye naye akawa mwami, hadi kifo chake Kinshasa mwaka 1992.

Kuhusu kichwa, masimulizi yanapingana: wengine husema kilizikwa, wengine husema kilichukuliwa na msafara. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu fuvu la Lusinga, chifu wa Batabwa aliyeuawa mwaka 1884 na watu wa Mbelgiji Émile Storms, lilipelekwa Ubelgiji na kuwekwa Bruxelles. Mwaka 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino lake. Ukoo wa M'siri haujapata hata mfupa wa kichwa wa kuuzika.