Mkikuyu Aliyeitwa Ojwang

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Ukilisikia tu unajua ni Mkikuyu. Lakini Wakenya wa rika la wazazi wetu walimjua kama Mzee Ojwang Hatari, mzee wa Kijaluo kwenye runinga, asiyeishiwa visa na mkewe Mama Kayai.

Alizaliwa 1937, enzi za mkoloni. Umaarufu aliupatia kwenye televisheni ya taifa, ile VOK iliyokuja kuwa KBC. Alicheza Darubini, Vituko na Vioja Mahakamani, ila Vitimbi ndiyo iliyomweka kwenye kila sebule. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa mkewe wa kwenye kioo tu.

Sasa tuje kwenye lafudhi. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hiyo shida inakuwa sida na shamba linakuwa samba. Wanjau aliishika vizuri mno hata wengi wakaamini ni Mjaluo wa damu. Sisi tuliotoka Ngara na Biharamulo tunaujua mchezo huu kwa upande wa pili: unawasilisha mada, Kihangaza au Kishubi kinajipenyeza, darasa linaangua kicheko. Na wachekeshaji wengi, jamani, wanatumia lafudhi ya bara kumaanisha mshamba asiye na akili. Ojwang hakuwa hivyo. Mzee yule alikuwa mjanja, mkaidi, mwenye maneno. Kilichochekesha ni ujanja wake kumgeukia mwenyewe. Ukimtoa lafudhi, kisa bado kinachekesha. Kwangu mimi hapo ndipo tofauti ilipo, na ni jambo la kufikiria kwa yeyote anayekwenda kusimama mbele ya watoto wanaotamka kama kwao.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia kwenye machafuko. Jina la mtu tu, la Kikuyu au la Kijaluo, lilitosha kumtia hatarini kutegemea yuko mtaa gani. Huyu mzee alikuwa na yote mawili, moja kwenye kitambulisho, jingine midomoni mwa watu.

Fedha hazikufuata jina. Uzeeni macho yalimsumbua, mashabiki wakachangishana atibiwe. Alifariki 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa nimonia, akiwa na miaka 78. Habari zilipotoka na jina la Wanjau, wapo walioshangaa. Siku zote walidhani wanamzika Mjaluo.