Yatima wa Straubing na Darubini ya Kitengela

Wazazi kadhaa hapa Kitengela, wakijua kwamba mimi hupenda kutazama nyota, wameniuliza ni darubini gani ndogo ya lenzi wawanunulie watoto wao. Aghalabu huja na tangazo linalojigamba kwamba chombo hicho hukuza vitu mara 500. Badala ya kuwatajia duka, mimi huwasimulia maisha ya Joseph von Fraunhofer.

Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 mjini Straubing, Bavaria, mwana wa fundi wa vioo. Akiwa na umri wa miaka 11 alikuwa yatima, akapelekwa Munich kujifunza kazi kwa fundi ambaye hakupenda kumwona na kitabu mkononi. Mnamo Julai 1801 nyumba ya bwana huyo iliporomoka, kijana akafukiwa na vifusi. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alishuhudia akiokolewa, akamtunukia fedha. Yatima huyo alizitumia kununua mashine ya kuchongea vioo na vitabu, akajikomboa kutoka kwa bwana yule.

Mwaka 1806 aliajiriwa katika karakana ya vyombo vya kupimia, na baadaye akafanya kazi Benediktbeuern, katika jengo lililokuwa makao ya watawa. Tatizo la darubini za lenzi lilikuwa rangi. Lenzi moja huitawanya nuru, nyota ikazungukwa na ukungu wa zambarau. Dawa ya kuunganisha lenzi mbili za vioo tofauti ilikwisha kujulikana London, lakini mafundi waliendelea kubahatisha. Fraunhofer alikataa kubahatisha. Mwaka 1814 aliona mamia ya mistari myeusi katika rangi za nuru ya jua, akaifanya alama za kupimia jinsi kila kioo kinavyopinda kila rangi. Mistari hiyohiyo leo huwaeleza wanasayansi nyota zimeumbwa kwa nini. Yeye alitaka lenzi safi tu.

Basi la kwanza kuuliza dukani ni kioo. Kwa kutazama, lenzi mbili zilizounganishwa vyema zinatosha. Kwa kupiga picha, heri kutafuta kioo maalumu cha kupunguza mtawanyiko wa rangi, kwani kamera haiusamehe ukungu ambao jicho huusamehe. Ama hizo mara 500, lenzi ya upana wa milimita 60 ni nadra kustahimili zaidi ya mara 120. Neno lenyewe darubini tulilipata kwa Waajemi, na maana yake ni kionacho mbali. Halikuahidi kukuza chochote.

La pili ni tegemeo, na hapa ndipo wengi hufanya ubahili. Darubini kuu ya Fraunhofer, yenye lenzi ya sentimita 24, ilifika Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, mwaka 1824. Ilisimama juu ya mhimili uliolingana na ule wa dunia, na mtambo wa saa uliizungusha taratibu ikiifuata nyota. Bila mwendo huo, picha ya muda mrefu huwa michirizi mitupu. Lakini Kitengela iko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Kwetu mhimili huo hulala karibu sambamba na ardhi, na Nyota ya Kaskazini inayotajwa katika vijitabu vya Ulaya haionekani. Mategemeo mengi yaliyoundwa kwa ajili ya nchi hizo hayawezi kuinamishwa kiasi hicho. Mwulize muuzaji akuoneshe kabla hujatoa hata senti moja.

Fraunhofer alifariki tarehe 7 Juni 1826 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 39. Miaka 20 baadaye, mjini Berlin, sayari ya Neptuni iligunduliwa kwa darubini ya lenzi iliyoundwa na karakana yake kwa mtindo wake.